Swichi za manowari: nani aamue atakayebaki gizani?

Leo tuache kidogo habari za simu na tovuti, twende baharini. Mtu akiandika kuhusu manowari, kawaida huandika kuhusu mizinga, makombora na rada. Mimi nataka kuandika kuhusu kabati la chuma lililo chini kabisa ya meli, mahali penye joto na kelele, kabati ambalo halipigwi picha na mgeni yeyote. Ndani yake mna swichi. Swichi hizo zikikataa, rada ni sahani, mzinga ni bomba, na meli ya mabilioni ni jahazi lisilo na tanga.

Maoni yangu nayaweka mbele mapema, ili asiyekubali ajue tunabishania nini. Kubadilisha swichi za umeme za meli ya kivita si kubadilisha vyuma tu. Ni kubadilisha anayeamua nani akatiwe stima na nani aachiwe, wakati stima haitoshi wote. Kwa hivyo kazi hiyo isiitwe imekwisha mpaka mambo mawili yatimie. La kwanza, mkono wa binadamu uwe bado unaweza kufikia na kugeuza kila swichi muhimu. La pili, meli izimwe makusudi ikiwa na mzigo wake, tuone kama itaamka yenyewe. Bila hayo mawili mimi sisaini, hata karatasi ziwe nzuri namna gani.

Sasa tuelewane kwanza jinsi mambo yanavyofanya kazi.

Anza na nyumbani kwako. Ukiwasha birika na pasi pamoja kwenye waya mmoja, ile swichi ya ukutani inajikata, tap! Mafundi huiita sakiti breka, na mimi hapa nitasema breka tu. Breka inapima mkondo wa umeme, na ukizidi kiasi inajifungua kabla waya haujaungua. Kwenye manowari kuna breka za namna hiyo kwa mamia, kutoka ndogo kama kiberiti hadi kubwa kama friji. Zimepangwa kwenye mbao za swichi, na mbao hizo hazikai chumba kimoja, ili kombora moja lisimalize kila kitu.

Chukua destroya za Marekani za aina ya Arleigh Burke, ambazo zimekuwa kazini tangu 1991. Kila moja ina jenereta tatu za tabini zilizowekwa katika vyumba tofauti. Za mwanzo zilitoa megawati 2.5 kila moja, kwa volti 450. Vifaa vya lazima, kama rada, usukani na pampu za kuzimia moto, hupata umeme kwa njia mbili, kebo moja ikipita upande wa kushoto wa meli na nyingine upande wa kulia. Katikati kuna swichi ya kuhamisha. Njia moja ikifa, swichi inarukia ya pili bila kusubiri mtu.

Kuna kanuni tatu ndani ya mpango huo ambazo naomba uzishike. Ya kwanza, breka iliyo karibu zaidi na hitilafu ndiyo ijikate kwanza, ili taa moja ya jikoni isiangushe upande mzima wa meli. Ya pili, umeme ukipungua, wasio wa lazima wakatwe kwanza: jiko, kipoza hewa, dobi. Pampu na rada ziwe za mwisho kuguswa. Ya tatu ni ya ajabu kidogo kwa fundi wa nyumbani. Kwenye manowari nyingi, nyaya za umeme haziungwi na chuma cha meli kama sisi tunavyounga na ardhi. Sababu ni kwamba waya mmoja ukikwaruzwa na kugusa chuma, umeme haukatiki. Vita vinaendelea. Lakini waya wa pili, wa mkondo tofauti, ukigusa chuma kabla wa kwanza haujatafutwa, hapo ni balaa. Ndiyo maana kwenye ubao huwa na taa za kuonyesha kwamba kuna waya umegusa, na kazi ya baharia ni kuutafuta mara moja, si kesho.

Ukiwa mwandishi wa programu kama mimi, utaona haraka kwamba kanuni hizo ni "ikiwa hivi, basi fanya vile", ila zimeandikwa kwa shaba na springi. Ubao wa swichi ni programu. Na programu, kama tulivyofundishwa darasani na kusahau kazini, hupimwa kwa siku mambo yanapoharibika.

Tutazame basi siku hizo.

Novemba 13, 1941, nyambizi ya Ujerumani iliipiga kwa topido manowari ya kubebea ndege ya Uingereza, HMS Ark Royal, karibu na Gibraltar. Tundu lilikuwa moja. Lakini umeme wa meli ile ulitegemea mvuke wa boila. Maji yalipozima boila, umeme ukaondoka. Umeme ulipoondoka, pampu za kutoa maji zikasimama. Pampu ziliposimama, maji yakazidi. Sisi Wakenya tunaita umeme stima, neno ambalo lilianza kama jina la meli ya mvuke, na kwa Ark Royal hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja kweli: mvuke ukiisha na stima imeisha. Ilizama siku ya pili. Karibu mabaharia wote waliokolewa, akafa mmoja. Uchunguzi uliofuata ulisema kwamba kukosa chanzo kingine cha umeme kisichotegemea boila ni kosa kubwa la uundaji, na meli za baadaye zikabadilishwa.

Mwaka mmoja baadaye, usiku wa kuamkia Novemba 15, 1942, manowari ya Marekani USS South Dakota ilikuwa vitani karibu na kisiwa cha Guadalcanal. Huko jenereta zilikuwepo za kutosha. Lakini breka zilikuwa zimefungwa zisijikate, kinyume cha kanuni za usalama. Nadhani unaelewa hamu ya mtu afanyaye hivyo: uko vitani, hutaki stima ikukatikie. Hitilafu ilipotokea, breka ndogo iliyopaswa kujitoa mhanga haikuweza, na hitilafu ikapanda juu ikaangusha walio wengi. Rada, redio na sehemu kubwa ya mizinga ilizimika mbele ya adui. Meli ilipigwa zaidi ya mara ishirini na watu karibu arobaini wakafa.

Kwa hivyo msinielewe vibaya ninapotetea mkono wa binadamu. Mkono ule ule unaweza kuua. Breka ni uamuzi uliofanywa mapema na mtu aliyetulia, kwa niaba ya mtu ambaye wakati huo atakuwa na hofu. Ukiifunga, umemnyamazisha yule aliyetulia.

Upande wa pili wa shilingi uko kwenye tarakilishi. Septemba 1997 meli ya Marekani USS Yorktown ilikuwa karibu na pwani ya Virginia. Ilikuwa ya majaribio ya mpango ulioitwa Smart Ship, wenye nia ya kupunguza mabaharia kwa kuachia tarakilishi kazi zao. Ndani yake mlikuwa na tarakilishi 27 zinazotumia Windows NT 4.0, zimeunganishwa kwa mtandao mmoja. Mtu aliingiza sifuri mahali fulani kwenye hifadhidata. Programu ikajaribu kugawanya kwa sifuri, ikaanguka, na mtandao ukaanguka pamoja nayo. Rafadha zikaacha kuzunguka. Meli ya kivita ilikaa majini saa mbili na dakika arobaini na tano bila kwenda popote, kwa sababu ya hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne anajua haifanyiki.

Watu wengi walicheka Windows. Mimi sioni kama ndiyo hoja. Kila mfumo wa tarakilishi utapokea sifuri siku moja. Hoja ni kwamba injini zilikuwa nzima, mafuta yalikuwepo, jenereta zilikuwepo, watu walikuwepo. Kilichokosekana ni njia fupi ya kuwaunganisha watu na injini bila kumpitia yule aliyezimia. Mfumo wa zamani ulikuwa na vishikio. Mfumo mpya ulikuwa na skrini.

Sasa tuje kwenye mfano ambao unatugusa kwa karibu zaidi, kwa sababu unahusu bahari yenye joto kama yetu. Uingereza iliunda destroya sita za aina ya Type 45, na ya kwanza, HMS Daring, ikaingia kazini 2009. Meli hizo zinaendeshwa kwa umeme. Tabini mbili kubwa aina ya WR-21, kila moja megawati 21 hivi, zinazalisha umeme. Umeme unapita kwenye mbao za swichi za volti 4,160. Halafu unazungusha mota za megawati 20 zinazosukuma rafadha. Pembeni kulikuwa na jenereta mbili za dizeli, megawati 2 kila moja. Ona hapo: injini haijafungwa moja kwa moja na rafadha. Kila kitu kinapitia kwenye swichi. Swichi zikikatika, hata kutembea hakuna.

Tabini zile zina kifaa cha kupoza hewa na kurudisha joto ili kuokoa mafuta. Kwenye maji na hewa yenye joto kama ya Ghuba, kifaa hicho hakikumudu, na tabini zikawa zinapungukiwa nguvu na kuzima. Tabini ikizima ghafla, mzigo wake unaangukia dizeli. Dizeli ya megawati 2 haiwezi kubeba mzigo ulioachwa na tabini ya megawati 21. Inajikata ili isiharibike, na meli nzima inaingia gizani. HMS Daring ilipoteza umeme katika Atlantiki mwaka 2010. HMS Dauntless ilibidi iache mazoezi mwaka 2014. Mwaka 2016 jambo hilo lilifika mbele ya kamati ya ulinzi ya bunge lao.

Dawa yake? Mwaka 2018 ulitolewa mkataba wa pauni milioni 160. Dizeli mbili zitolewe, ziwekwe tatu kubwa zaidi, za megawati 3, na mfumo wa swichi za volti ya juu urekebishwe uzipokee. Dauntless ilikuwa ya kwanza kuingia karakana ya Birkenhead mwaka 2020, na ilirudi baharini kwa majaribio mwaka 2022. Hesabu mwenyewe: kutoka giza la kwanza la 2010 hadi meli ya kwanza kuponywa ni miaka kumi na miwili.

Kinachonisumbua kwenye hadithi hiyo ni kwamba breka hazikukosea. Zilitii kile zilichoambiwa: ukizidiwa, jikate. Kosa lilikuwa kwenye dhana iliyokuwa nyuma yake, kwamba tabini haitazima mara kwa mara. Na dhana haionekani kwenye mchoro. Inaonekana unapoizima tabini makusudi, mchana wa jua kali, mzigo ukiwa juu, na kutazama nani anabaki amesimama.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana: matunzo. Manowari inaishi miaka thelathini, wakati mwingine arobaini. Breka iliyofungwa siku ya kwanza inakula chumvi, unyevu, mtikisiko na joto kila siku. Nati zinalegea. Kiungo kilicholegea kinapata joto, na joto linakilegeza zaidi. Mabaharia wazuri hupita na kamera ya kuona joto, wakitafuta kiungo kinachong'aa kuliko wenzake. Hupima kama mpira wa kebo bado unazuia umeme. Huingiza mkondo wa kupimia kwenye breka na kuhesabu inachukua muda gani kujikata, maana breka iliyokaa miaka kumi bila kujikata inaweza kuwa imeganda, na huwezi kujua kwa kuitazama. Halafu siku moja breka inahitaji kipuri, na kiwanda kilichoitengeneza kimefungwa zamani. Hapo ndipo mtu anaamua kuboresha: anaacha kabati lile lile na kebo zile zile, anaweka breka mpya yenye tarakilishi ndogo ndani.

Hiyo tarakilishi ndogo ni nzuri. Inapima vizuri zaidi, inaweka kumbukumbu, inaongea na mtandao. Lakini springi ya zamani ilikuwa na kanuni moja na huwezi kuibadilisha bila bisibisi. Ile mpya ina mipangilio kumi na mitano, nenosiri, na toleo la programu. Sasa uamuzi wa nani akae gizani umehama kutoka kwenye chuma hadi kwenye faili. Nani ana faili hilo? Nani aliliandika? Nani anaweza kulibadilisha saa nane usiku katikati ya bahari?

Najua majibu ya wapinzani wangu, na wana hoja. Watasema hitilafu ya umeme inatokea kwa sehemu ndogo ya sekunde na hakuna mkono unaofika kwa wakati. Ni kweli kabisa. Sitaki mkono ushindane na breka kwa mbio. Nautaka uwepo dakika ya pili, wakati tarakilishi imeshika kichwa na haijui iko wapi. Watasema mabaharia sasa ni wachache na hawawezi kusimama kwenye kila ubao. Sawa, lakini wachache wanaojua njia ya ubao wanatosha, kama wamefanya mazoezi gizani. Watasema kuzima meli makusudi kunahatarisha mitambo ya bei ghali. Hapo ndipo nashangaa. Kama mitambo haiwezi kustahimili giza ikiwa gatini, mafundi wote wakiwa pembeni na chai mkononi, itastahimilije ikipigwa?

Na tusisahau kwamba meli za kawaida zinabanwa kwa jambo hilo hilo. Mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unataka jenereta ya dharura inayojiwasha yenyewe iwe imechukua mzigo ndani ya sekunde 45. Meli za kivita haziko chini ya mkataba huo, zinajiwekea masharti. Anayejiwekea mtihani mwenyewe ana kila sababu ya kuwa mkali zaidi, na kila kishawishi cha kuwa mpole.

Wakati mmoja nilifanya kazi mahali palipokuwa na seva mbili. Ya pili ilikuwa ya akiba, na kila mgeni alionyeshwa kwa fahari. Niliomba mara kadhaa tuizime ya kwanza Jumapili moja usiku tuone. Nikaambiwa, "Kijana, usiguse kinachofanya kazi." Siku ya kwanza ya kuihitaji ile ya pili ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya kuijaribu, na haikuamka. Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, uwanja wetu mkuu wa ndege hapa Nairobi uliona giza kwa sababu jenereta ya akiba ya baadhi ya majengo ya abiria haikuwaka. Abiria walikaa na tochi za simu. Ni ugonjwa ule ule, wa kununua akiba na kuogopa kuijaribu.

Kwa nini niwachoshe wasomaji wa Kenya na swichi za Waingereza? Kwa sababu nasi tuna manowari. KNS Nyayo na KNS Umoja, zilizoundwa Uingereza miaka ya 1980, zilipelekwa Italia kukarabatiwa na kurudi mwaka 2011. Mwaka 2020 serikali iliunda Kenya Shipyards Limited ili kazi za meli zifanyike hapa nyumbani. Nafurahi. Lakini kazi kufanyika Mtongwe haitatusaidia kama kabati la swichi litakuja limefungwa, na ufunguo wake uko kwenye tarakilishi ya mhandisi aliye Ulaya, ambaye lazima akatiwe tiketi ya ndege kila taa nyekundu inapowaka.

Kwa hivyo mtu akiniuliza ni masharti gani yawe kwenye mkataba wowote wa kuboresha umeme wa meli zetu, nina manne. Michoro yote ya umeme, ikionyesha meli ilivyo leo na si ilivyokuwa kiwandani. Mipangilio yote ya breka na programu zinazoziongoza, pamoja na haki ya kuzibadilisha. Kishikio cha mkono kwenye kila swichi ya pampu, usukani na mawasiliano, na mabaharia wafundishwe kuvifikia wakiwa wamefungwa macho. Na mwisho, kabla ya malipo ya mwisho, meli iende nje ya Mombasa mwezi wa Machi, maji yakiwa ya moto, mizigo yote iwashwe, kisha jenereta kubwa izimwe bila kumwambia mtu yeyote saa ngapi.

Taa zikirudi, tulipe na tupige makofi. Zisiporudi, tutakuwa tumejifunza tukiwa karibu na nyumbani, bila mtu kufa.